Starlet za kufufua uani: mtaji usio na bei Sumbawanga

Pesa za Sumbawanga hufuata mahindi. Mavuno yanapoanza kuingia sokoni, Juni na Julai, karibu kila kilichokuwa kimeahirishwa hupata mnunuzi: mabati, magodoro, pikipiki, na magari madogo yaliyokwishatumika. Mwenye gunia za ziada hutafuta gari. Mwenye gari lililolala juu ya mawe tangu masika hutafuta pesa ya kulimalizia. Katikati yao husimama dalali.

Katika soko hilo kuna bidhaa moja ambayo wengi huichukulia kama mchezo wa vijana, ilhali ni mtaji unaostahili kuandikwa vitabuni kama mtaji mwingine wowote. Ni gari dogo la zamani, aina ya hachibeki, yaani lile ambalo mlango wa nyuma hufunguka pamoja na kioo chake. Linanunuliwa likiwa bovu, linafufuliwa uani kwa mwenyewe jioni na siku za mapumziko, kisha linaongezwa nguvu. Kwa Tanzania jina la bidhaa hiyo kwanza ni Toyota Starlet, ingawa Volkswagen Golf na Daihatsu Charade nazo zimo.

Mtu anayeifanya kazi hiyo katika kata ya Kasense, ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, anakabiliwa na tatizo ambalo halimo katika kitabu chochote cha ufundi. Soko halina namna ya kumlipa kwa kazi nzuri ya injini. Linamlipa kwa rangi. Matokeo yake ni kwamba fedha huwekwa mahali ambapo mnunuzi anaziona, na kunyimwa zile sehemu ambazo mnunuzi huyo huyo atazitegemea siku akiteremka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze na familia yake ndani ya gari.

Kwa nini gari hili halifi

Starlet iliacha kutengenezwa mwaka 1999 na nafasi yake ikachukuliwa na Vitz. Ina maana kwamba hata ile ya mwisho kutoka kiwandani imekwishapita miaka 25. Kwa hesabu za kawaida za uchakavu, thamani yake vitabuni ni sifuri. Mbona basi bado ina bei?

Jibu la kwanza liko forodhani. Gari la abiria lenye injini ya kati ya sentimita za ujazo 1,000 na 2,000, ambalo umri wake umepita miaka 10, hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, ushuru wa bidhaa wa asilimia 30 kwa uzee wake, kisha juu ya jumla yote hiyo VAT ya asilimia 18. Hizi ni kodi zinazopandiana mgongoni. Kwa kila Sh 100 za thamani ambayo TRA inaitambua hadi gari lifike bandarini, forodha huifanya 125. Ushuru wa bidhaa wa aina zote mbili huifikisha karibu 169. VAT huifikisha karibu 199. Hapo tozo ndogo ndogo za reli na za forodha hazijahesabiwa. Kwa maneno mengine, anayeagiza Starlet kutoka Japan leo hununua magari mawili na kupewa moja. Ile iliyokwisha kuingia nchini, iliyolipiwa kila kitu zamani na ambayo sasa imekaa chini ya mkaratusi ikiwa na injini iliyokufa, imebeba ndani yake kodi ambayo hakuna atakayeilipa tena. Huo ndio mtaji wenyewe. Anayeinunua hainunui vyuma tu.

Jibu la pili ni barabara. Kabla ya lami, safari ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa ya Land Rover, malori na watu wenye subira. Fedha za mkataba wa 2008 kati ya Tanzania na shirika la MCC la Marekani zilitumika kujenga kwa lami barabara hiyo ya zaidi ya kilomita 220, na gari lenye tumbo chini likapata uhalali wa kuishi Ufipa.

Jibu la tatu ni spea. Injini za familia ya E za Toyota zimetapakaa nchini katika magari ambayo si Starlet hata kidogo: zimo katika baadhi ya Corolla, katika Corsa, na katika Raum, ambayo hubeba 5E-FE ya sentimita za ujazo 1,496. Raum ni gari la baba wa familia, lakini moyo wake ni ndugu wa moyo wa Starlet. Injini hiyo hukaa katika Starlet bila kukata bodi, na kwa sababu hiyo Raum iliyogongwa nyuma ina thamani kwa fundi hata kama kampuni ya bima imekwisha kuitupa.

Kuna na jambo la nne ambalo halisemwi sana. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia katika mafuta. Kabla ya hapo gari bovu lililolala uani lilikuwa likizalisha deni kila mwaka hata kama halikutoka getini. Tangu hapo, kulilaza gari mwaka mzima likisubiri pistoni hakumgharimu mwenyewe kwa TRA. Mabadiliko hayo hayakuwalenga mafundi wa uani, lakini wao wamefaidika kuliko wengi.

Nguvu iliyopotelea hewani

Hapa ndipo kazi ya Ufipa inapotofautiana na ya Dar es Salaam, na ndipo fedha nyingi hupotea.

Mji wa Sumbawanga unakaribia mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa katika kimo hicho ni karibu asilimia 80 ya ile ya pwani. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa mdomo wake tu. Ikipata hewa pungufu huchoma petroli pungufu na kutoa nguvu pungufu. Hesabu inayotumiwa na mafundi duniani ni upotevu wa asilimia 3 hivi kwa kila mita 300, ambayo kwa Sumbawanga huleta kati ya asilimia 15 na 20. Starlet iliyoandikwa nguvu farasi 100 kwenye karatasi za Japan hutembea Kasense ikiwa na 80 na ushee, nayo ikiwa nzima kabisa.

Wazee wa Ufipa walilijua suala hili la hewa kabla ya Toyota. Tanuru kubwa la kuyeyushia chuma, ilungu, lilijengwa refu ili livute hewa lenyewe bila kuvuviwa. Kisha chuma kile kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, ambalo lilisukumiwa hewa kwa mivukuto. Mabaki ya malungu hayo bado yamesimama katika sehemu mbalimbali za nyanda hizi. Injini ya kawaida ni ilungu. Injini ya turbo ni kintengwe.

Ndiyo sababu kijana wa Sumbawanga anayeota turbo si mjinga. Starlet GT ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Glanza V iliyoifuata mwaka 1996, zilibeba injini ya 4E-FTE ya sentimita za ujazo 1,331 yenye turbo na nguvu farasi 135, katika gari lenye uzito wa chini ya tani moja. Ulaya walianza mchezo huu na Golf GTI mwaka 1976, kisha Peugeot 205 GTI. Japan ikajibu kwa njia yake, kwa injini ndogo iliyosukumiwa hewa. Na turbo, kwa kuwa inasukuma hewa yenyewe, hurudisha sehemu kubwa ya kile ambacho kimo kimekinyakua. Ukitazama fizikia peke yake, turbo ina haki yake kamili Ufipa.

Lakini anayelipa hesabu si mwalimu wa fizikia. Turbo iliyofungwa juu ya injini ya kawaida ya 4E-FE ni njia ya haraka ya kununua injini mbili. Injini ya turbo ya kiwandani ina pistoni za mkandamizo wa chini, karibu 8.2 kwa 1, wakati ile ya kawaida imezidi 9. Ikisukumiwa hewa, ya kawaida huanza kugonga, na kugonga hutoboa pistoni. Asiyetaka hilo hana budi kununua 4E-FTE nzima pamoja na gia boksi yake, waya zake, kompyuta yake na breki zake, yaani nosikati kamili kutoka Gerezani, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Sumbawanga, bila dhamana yoyote zaidi ya neno la muuzaji kwamba "ilikuwa inawaka". Ikifika Kasense na kukutwa turbo imelegea shafti, hakuna wa kumrudishia.

Na hapo hazijatajwa karatasi. Kadi ya gari huandikwa namba ya injini. Injini ikibadilishwa na kadi isibadilishwe, siku ya kuuza mnunuzi mwerevu atakata bei, na siku ya ajali bima itauliza maswali.

Cha bei nafuu huja kwanza

Kuna nguvu ambayo gari la zamani limeipoteza kwa uzembe, si kwa kimo. Hii ndiyo inayolipa kuliko zote, kwa sababu kuirudisha hakuhitaji nosikati.

Tuanze na themostati, kwa kuwa ndiyo kisa kinachochosha zaidi. Desturi iliyoenea katika gereji bubu, kuanzia Dar es Salaam hadi mipakani, ni kuing'oa themostati na kuitupa gari linapochemsha mara ya kwanza. Pwani madhara yake hufichwa na joto. Sumbawanga hayafichiki. Usiku wa Juni na Julai baridi ya Ufipa hukamata, na injini isiyo na themostati huzunguka asubuhi nzima bila kufikia joto lake la kazi. Kompyuta ya Starlet, ikipewa taarifa kwamba injini bado ni ya baridi, huendelea kumwaga petroli ya ziada. Petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinakula, na mwenye gari anakwenda kwa fundi akilalamika kwamba gari "limechoka". Anaambiwa anunue injini. Kifaa cha bei ya chakula cha siku mbili kimekwisha kumla injini.

Upande wa pili wa sarafu ni mfuniko wa rejeta. Katika mita 1,800 maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 94 hivi za Selsiasi, si 100. Kinachoyazuia kuchemka ndani ya injini ni kanieneo inayoshikiliwa na mfuniko. Mfuniko uliolegea ambao pwani ungeweza kuvumiliwa, Ufipa huchemsha gari kwenye mlima wa kwanza. Gari likichemka, hedi inapinda. Hedi ikipinda, gasketi inaungua. Kisha themostati inalaumiwa na kutupwa. Ni duara, na fundi hulipwa katika kila kituo chake.

Kwa magari ya kabureta kuna la ziada. Kabureta iliyopangwa pwani hupeleka petroli nyingi mno kwa hewa nyembamba ya huku. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi na safari fupi kwa lita. Kupunguza jeti na kurekebisha taimingi ni kazi ya alasiri moja, na huokoa mafuta kila siku ya maisha ya gari. Tena mafuta ambayo, kwa bei elekezi za EWURA, miji ya mbali na bandari huyanunua ghali kwa sababu ya usafirishaji. Magari ya EFI hujirekebisha yenyewe kwa kupima kanieneo, mradi sensa na mirija yake ya mpira ni mizima. Mpira wa miaka 30 si mzima.

Breki haziongezi nguvu, na labda ndiyo maana hazizungumzwi. Kutoka nyanda za Ufipa hadi bonde la Ziwa Rukwa ni mteremko wa karibu mita 1,000. Gari lililoongezwa nguvu na kuachiwa pedi na ngoma zilizokuja nalo linabeba deni ambalo halimo katika daftari lolote. Mafuta ya breki hunyonya unyevu mwaka hadi mwaka na kushuka kiwango chake cha kuchemka. Katika mteremko mrefu yakichemka, pedali inakwenda hadi sakafuni bila kukamata. Kuyabadilisha yote kunahitaji chupa mbili na mtu wa kukanyaga pedali.

Anayehitaji ushahidi kwamba maandalizi hushinda nguvu anaweza kuukumbuka mwaka 1993. Katika Safari Rally ya mwaka huo Toyota Celica za turbo zilishika nafasi nne za kwanza kama ilivyotazamiwa. Nafasi ya tano, ya sita na ya saba hazikwenda kwa mashine nyingine kubwa. Zilikwenda kwa Daihatsu Charade, hachibeki zenye injini ndogo, ambazo zilimaliza kwa sababu hazikufa njiani.

Soko linasoma herufi

Sasa rudi kwa mwenye gari wa Kasense aliyeyafanya hayo yote. Amefunga themostati mpya, ameskim hedi, amebadilisha ringi na beringi, breki zote, bushi na shokapu. Analipeleka sokoni. Swali la kwanza la mnunuzi ni: "Namba gani hiyo?"

Soko la Tanzania hupima umri wa gari kwa herufi ya namba ya usajili. Namba B ni ya zamani, D ni nzuri, E ni ya jana. Herufi hiyo inaeleza gari lilisajiliwa lini nchini, na haielezi lilitengenezwa lini wala limetunzwaje. Starlet ya 1996 inaweza kubeba namba D kwa sababu tu ilichelewa kuingia, na mwenzake wa kiwandani siku hiyo hiyo akabeba namba A. Bei zao hutofautiana kama ng'ombe na mbuzi. Baada ya herufi hutazamwa rangi, kisha rimu, kisha redio. Injini huwashwa, husikilizwa dakika moja, na mazungumzo ya bei yanaanza.

Mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko la namna hii mwaka 1970, na mwaka 2001 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Hoja yake ilikuwa nyepesi: muuzaji anajua gari lake ni zima au ni bovu, mnunuzi hajui; kwa hiyo mnunuzi hutoa bei ya wastani, ya kujikinga. Bei hiyo ni kubwa kwa mwenye gari bovu na ndogo kwa mwenye gari zima. Mwenye gari zima huliondoa sokoni, na sokoni yanabaki mabovu, ambayo Wamarekani huyaita malimau. Akerlof hakufika Sumbawanga, lakini angeielewa kwa saa moja.

Chukua hesabu ifuatayo. Tarakimu ni za mfano tu, ila uwiano wake utatambuliwa na yeyote aliyewahi kuuza. Starlet bovu imenunuliwa kwa Sh milioni 3. Injini na mfumo wa kupoza vimekula milioni 1.4, breki na chini ya gari 800,000, rangi na rimu 900,000. Jumla ni milioni 6.1. Mnunuzi anatoa milioni 5. Hasara ni milioni 1.1, na jioni zote za miezi minane hazijalipwa. Jirani yake alinunua bovu lile lile kwa milioni 3, akaweka rangi na rimu za 900,000, oili nzito kwenye injini ili inyamaze, na kuuza milioni 4.8. Faida yake ni 900,000 katika wiki sita. Kazi ya kweli ya Sh milioni 2.2 imeongeza bei kwa Sh 200,000. Soko limemwambia wa kwanza, kwa lugha ya wazi kabisa, asirudie.

Tena fedha hizo zilikuwa na pa kwenda. Katika Ufipa kila shilingi inayolala ndani ya gari bovu kuanzia Julai hadi Februari ingeweza kulala ndani ya gunia la mahindi, kununuliwa wakati wa mavuno na kuuzwa wakati wa upungufu. Gunia nalo lina hasara zake. Waliohifadhi mahindi mwaka 2017, serikali ilipozuia kuuza nje, hawahitaji kukumbushwa. Lakini gunia lina mizani na bei inayojulikana kila asubuhi. Starlet iliyofufuliwa haina mizani.

Benki inaona hivyo hivyo. Gari la miaka 30 si dhamana. Kampuni za bima nyingi huona uzito kulipa bima kubwa, na mwenyewe huishia bima ndogo, ambayo hulipa madhara ya wengine na si ya gari lake. Kwa hiyo mtaji wote umekaa nje, bila mkopo, bila bima, bila bei. Na bado vijana wanaendelea. Wengine watasema ni mapenzi, na mapenzi hayana hesabu. Hilo ni kweli kwa mwenye mshahara wa uhakika na gari la pili. Kwa fundi mchanga aliyeweka mavuno ya mwaka mzima wa baba yake ndani ya bodi moja, mapenzi yana hesabu kali.

Karatasi na geji

Lawama zisimwangukie mnunuzi. Anajikinga kwa kutumia alama pekee alizonazo, na herufi ya namba angalau haidanganyi kuhusu inachokisema. Ni juu ya muuzaji kumpa alama nyingine zilizo bora.

Mafundi wa uani hudharau karatasi. Spea inanunuliwa, boksi lake linawashia jiko. Hakuna risiti ya EFD, hakuna tarehe, hakuna kilomita. Fundi wa karakana ya mashine anaskim hedi na kulipwa mkono kwa mkono, bila kuandika amekata kiasi gani, wakati hedi iliyokwisha kukatwa mara tatu na ile iliyokatwa mara moja si mali moja. Daftari la shule lenye tarehe, kilomita, spea iliyofungwa na risiti iliyobandikwa lingemgharimu mwenye gari bei ya soda. Pamoja na kadi iliyosahihishwa namba ya injini, hilo ni jambo ambalo jirani wa rangi na rimu hawezi kuliiga, kwa sababu kazi hakuifanya. Ndiyo maana lina thamani.

Madalali nao wana nafasi ambayo hawajaitumia. Dalali wa Sumbawanga hupata chake gari likiuzwa, zima au bovu, na kwa hiyo hana sababu ya kuuliza. Dalali wa kwanza atakayekataa gari lisilo na daftari atapoteza wateja msimu mmoja; msimu wa pili wauzaji wa magari mazima watamtafuta yeye, kwa kuwa kwake hawatachanganywa na malimau. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA, zingeweza kurahisisha jambo hili kwa kutoa fomu moja ya ukaguzi ambayo fundi aliyepimwa anaijaza na kuitia sahihi. Kusubiri hilo, hata hivyo, si lazima.

Kifaa cha kuanzia kipo na ni cha bei ndogo: geji ya kupimia mkandamizo, inayofungwa mahali pa plagi. Plagi zote zinatolewa, petroli inakatwa, mafuta yanakanyagwa hadi mwisho, starta inazungushwa, na geji inasomwa silinda moja baada ya nyingine mbele ya mnunuzi. Dakika 20 zinatosha. Tahadhari ni moja tu, na inahusu kimo tena. Injini ambayo Dar es Salaam ingesoma pauni 180 kwa inchi ya mraba itasoma karibu 145 Sumbawanga ikiwa haina kasoro yoyote, kwa kuwa hewa inayoingia ni pungufu. Mnunuzi aliyekuja na tarakimu za kitabu cha pwani ataikataa injini nzima na kudhani ameokoa fedha zake. Kinachosomwa Ufipa ni tofauti kati ya silinda na silinda: nne zikikaribiana, ndani ya pauni 14 hivi kutoka ya juu hadi ya chini, injini ni nzima, moja ikianguka peke yake, mwagia oili kijiko kimoja ndani ya silinda hiyo na upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi, na hapo bei inaanza kuzungumzwa upya.